Asichelewe

Jumapili, 6 Oktoba

Leo shairi la Mama limebandikwa kwenye ukumbi wa kanisa, na mimi binti yake, mwalimu wa fasihi mwaka wa kumi na moja huu, sikulielewa. Naandika hapa kwa sababu sina uso wa kumwambia mtu.

Habari yenyewe ni hivi. Huu ni mwezi wa afya, na Padri aliagiza kila kikundi cha sala kilete bango. Wenzetu walichora karoti, meno na mtu anayenawa mikono. Mama ni fundi cherehani, mtu wa utepe shingoni na pini mdomoni, sijawahi kumwona akiandika kitu kirefu kuliko vipimo vya mteja. Yeye kachukua vitabu vya sala vilivyochakaa na makaratasi ya hospitali, kakata maneno kwa mkasi wake wa vitambaa, kayabandika juu ya boksi la sabuni lililokunjuliwa. Mkasi huo mimi nilichapwa kwa kukatia karatasi, eti karatasi inaua makali. Shairi nimelinakili lote:

*Nasadiki kwa daktari mmoja, mwenyezi wa zamu,*
*mpimaji wa vyote vinavyoonekana na visivyoonekana.*
*Nasadiki kipimo kimoja, chembe kutoka chembe,*
*kilichoshuka kwa sindano, kikapata jina.*
*Kimeketi kushoto.*
*Kitakuja tena baada ya wiki mbili, asichelewe.*
*Nasadiki maji safi na mikono safi,*
*ushirika wa wagonjwa,*
*maondoleo ya*
*Nangojea kuitwa kwa namba.*
*Amina. Tikisa kabla ya kutumia.*

Mstari wa mwisho uliwavunja watu mbavu, hata Padri. Nami nilicheka. Lakini baada ya "maondoleo ya", mahali ambapo kila Jumapili kwenye Nasadiki, sala yetu ya imani, tunasema dhambi, Mama kabandika kipande cha karatasi nyeupe kitupu, pembe nne safi kama mfuko wa shati. Nilipokiona niliacha kucheka. Mimi ni mwoga, bora nikiri mapema. Mlango ukigongwa kwa nguvu mimi tayari nimeshazika mtu.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua kutwa. Shati langu la kazini halikukauka, nimelivaa hivyo hivyo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Katibu wa halmashauri ya kanisa kanisimamisha getini na mwavuli wake. Huyu ni mzee aliyestaafu ofisi lakini ofisi haijamstaafu yeye. Hata matangazo ya msiba huyasahihisha kwa kalamu. Shairi la Mama limemnyima raha. Kwanza, anasema, Bwana ameketi kuume, hakuna mahali palipoandikwa kushoto. Pili, neno "dhambi" limedondoka, libandikwe. Tatu, "kitakuja… asichelewe" ni kosa la sarufi, nami kama mwalimu naliachiaje? Mwisho akaniomba niandike ukurasa mmoja wa maelezo utundikwe pembeni, waumini wasije wakapotoka.

Nilimtetea Mama hapo hapo. Nikasema fundi alikata maneno aliyoyapata. Labda "kuume" hakuliona. Jioni nikamuuliza mwenyewe. Alikuwa anapinda pindo, hakuinua macho.

"Kushoto ni kushoto, Mwalimu," akasema. "Na hapo palipo peupe paache. Hilo neno halibandikiki kanisani."

Akiniita Mwalimu ndani ya nyumba ujue mlango umefungwa. Sikuendelea. Lakini neno gani lisilobandikika kanisani?

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimefanya jambo la aibu. Tangu juzi nimekuwa nikisoma "daktari mmoja, mwenyezi wa zamu" na kuona kejeli. Nikajiambia Mama kachoka na madaktari, sasa anawacheka, na vidonge vyake vya presha katupa. Watu wa namna hiyo tunawajua, wanaombewa wanaacha dawa, mwezi haupiti tunachangia jeneza. Basi alipoenda kununua uzi nilifungua kabati lake, nikamwaga vidonge kitandani, nikahesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti. Nilihesabu mara mbili. Vilivyopaswa kumezwa vimemezwa vyote, siku kwa siku, hakuna hata kimoja kilichorukwa.

Nilivirudisha kimoja kimoja. Badala ya kufurahi niliogopa zaidi, maana sasa sijui naogopa nini.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa kikundi chao cha sala kilikutana ukumbini, watu wakawa wanatoa shukrani. Mama, ambaye husema kwa mkasi tu, akasimama. Akasema, "Na mimi nawashukuru kwa sala zenu. Nimepata majibu yangu." Akakaa.

Makofi hayo! Vigelegele, mama mmoja akamkumbatia mpaka kitambaa cha kichwa kikamvuka. Nilipiga makofi nami, nikafarijika kweli, nikasema kumbe alikuwa na jambo lake anamwomba Mungu na amejibiwa. Njiani nikamuuliza ni ombi gani. Akasema mvua itatukuta, tukaze mwendo.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua. Madaftari sabini na mbili ya kusahihisha.

Jumatatu, 21 Oktoba

Maelezo ya Katibu yamekamilika. Nimeandika ukurasa mzima kuhusu mtunzi anayeoanisha madhabahu na maabara. Kushoto ni upande wa moyo. Pengo jeupe linamwalika kila msomaji aweke dhambi yake mwenyewe. "Asichelewe" nimeliita uhuru wa kishairi. Kwa kweli nilijipenda. Nikamsomea Mama akiwa kwenye cherehani.

Alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Umeandika vizuri sana," akasema. "Shairi la nani hilo?"

Nilicheka mpaka machozi. Nilipoingia chumbani kwangu kicheko kiliniisha ghafla, nikakaa kitandani kama mtu aliyeshushwa kituo siyo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mama anajishonea magauni. Yako matatu, mapana, yote vifungo mbele kuanzia shingoni mpaka magotini. Yeye vifungo vya mbele huviita mavazi ya wavivu. Nilimtania kwamba anataka kuolewa upya na bwana asiye na subira. Akatabasamu kidogo, akaendelea kushona. Nikaona anasukuma kitambaa kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto kaubana ubavuni. Nikamuuliza mkono una nini, akasema baridi.

Baridi haikai mkono mmoja. Nimeandika hivyo ili kesho nisijidanganye.

Jumapili, 27 Oktoba

Leo wakati wa Nasadiki sikusali, nilimsikiliza Mama. Alisema maneno yote kwa sauti yake ya kawaida. Tulipofika "maondoleo ya" akanyamaza. Kanisa zima likasema "dhambi", yeye kimya, kisha akaendelea na ufufuko wa miili pamoja na wengine.

Nilitoka nje nikajifanya nakohoa. Ningeweza kumuuliza leo hii, waziwazi, tukiwa wawili njiani. Sikumuuliza. Niliongelea bei ya nyanya.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua. Sikuuliza.

Alhamisi, 31 Oktoba

Sikuuliza.

Jumatatu, 4 Novemba

Mitihani iko karibu na ratiba ya marudio imeisha, basi kidato cha tatu niliwapa shairi la Mama ubaoni, bila kutaja mtunzi. Nikawamwagia uchambuzi wangu wote, madhabahu na maabara, uhuru wa kishairi. Wakaandika kama makarani wa mahakama.

Msichana mmoja wa mbele, mpole, ambaye kwa kawaida anauliza ruhusa hata ya kupiga chafya, akanyoosha mkono. Akasema mtunzi huyu sarufi anaijua. Kwenye kitabu cha sala ni "atakuja", yeye kafuta A kabandika KI ili ipatane na kipimo. Kama alijua kurekebisha pale, kwa nini aliacha "asichelewe" kwenye mstari huo huo?

Nikamwambia ni uhuru wa kishairi.

"Lakini Mwalimu, a- ni ya mtu," akasema. "Kuna mtu ameambiwa asichelewe. Ni nani?"

Nimefundisha ngeli miaka kumi na moja. Kila wiki nachora mstari mwekundu chini ya kosa hilo kwenye madaftari ya watu. Nilisimama pale na chaki mkononi mpaka darasa likaanza kunong'onezana, halafu nikawaambia wasome kimya kimya.

Jumatano, 6 Novemba

Leo nimejua. Nitaandika yote kwa mpangilio, kwa sababu kichwani hayapangiki.

Jana nilishindwa kuuliza. Leo nina kipindi kimoja tu, nilirudi nyumbani saa tano asubuhi. Mama alikuwa kwa mteja. Mvua ilikuwa inapiga bati hata mtu hajisikii akilia. Nikaenda kwenye boksi lake la karatasi za kukatia nguo, zile za mikono, kola na migongo, nikazitoa moja moja. Nilijua natafuta karatasi yenye matundu. Maneno yale yalikatwa mahali fulani, na aliyekata anaacha mabaki; hilo ni jambo ambalo binti wa fundi alipaswa kuliwaza siku ya kwanza.

Ilikuwa katikati ya karatasi mbili za kola. Barua ya hospitali, ina muhuri, ina jina la Mama. Imekatwakatwa kama wavu, lakini nilikuwa na shairi mkononi, nikarudisha kila neno kwenye tundu lake. Kipimo kilichofanyika kwa sindano. Chembe. Kushoto. Mgonjwa arudi baada ya wiki mbili kwa ajili ya upasuaji, asichelewe. Neno moja kabla ya "la kushoto" halikukatwa, limebaki limezungukwa na matundu pande zote. Titi. Titi la kushoto. Maondoleo ya titi. Mwishoni kabisa, saratani. Nalo hakuligusa.

Tarehe ya barua ni 2 Septemba. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. Wiki tisa.

Majibu. Alisimama mbele ya watu akasema amepata majibu, nasi tukampigia makofi. Mimi nilipiga makofi.

Nilimpigia simu Mama Mdogo, mdogo wake, wa mtaa wa pili. Nikamsomea barua. Akasema pole, mwanangu. Akasema ndiye aliyemsindikiza kuchomwa hiyo sindano. Padri anajua, tangu juma lililopita. Yule mama aliyemkumbatia ukumbini anajua. "Wewe tu ndiye ulikuwa hujaambiwa," akasema, naye akaanza kulia, nikakata simu.

Mama aliingia saa saba, amelowa, kanga ya mvua kichwani. Akaniona, akaiona barua mezani. Hakushtuka. Alivua viatu, akavipanga, akakaa kwenye kiti cha cherehani kwa sababu kiti chake nilikuwa nimekikalia.

Nilipiga kelele. Sijivunii. Nilimwambia amenifanya mjinga nyumbani kwangu mwenyewe, amemwambia Padri na majirani akaacha mtoto wa tumbo lake. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, nikalitamka neno kifo mbele yake, na nilipolitamka nikakaa chini sakafuni. Nikaanza kupumua vibaya, vidole vikafa ganzi. Yeye akainuka, yeye mgonjwa, akaja na maji na kitambaa, akanifuta uso.

"Unaona?" akasema. Alisema taratibu, bila ubaya wowote. "Hiki ndicho nilichokikimbia. Ugonjwa sikuuogopa, mwanangu. Nilikuogopa wewe."

Nikamuuliza ana maana gani, ingawa nilijua.

Akanikumbusha Baba. Miaka minne iliyopita, Baba kalazwa, figo zimekwisha. Mimi nilizimia kwenye korido siku ya kwanza, siku ya pili pia. Kila nilipoingia wodini uso wangu ulimwambia anakufa kabla daktari hajafika. Akawa anatumia pumzi zake kunituliza: usilie, mama, sijambo, kesho nitatoka. Maneno yake ya mwisho kwa Mama hayakuwahi kusemwa kwa sababu yote aliyasema kwangu. Baada ya mazishi sikuingia darasani muhula mzima, nusura kazi iniponyoke.

"Baba yako alikufa akikubembeleza," Mama akasema. "Mimi nikasema nitangoja ufunge shule. Umalize mitihani ya watu, ndipo nikwambie, ndipo nikatwe. Halafu ngoja ngoja ikawa ndefu, nikaogopa peke yangu. Ndiyo nikayabandika ukutani. Nilidhani mwalimu atasoma."

Shairi lililia mbele yangu mwezi mzima, nami nikaliandikia ukurasa wa pembeni.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini. Daktari wa upasuaji ni mwanamke mfupi mwenye macho ya usingizi. Alimpima Mama, akatazama tarehe, akaweka kalamu chini. Hakufoka, afadhali angefoka. Akasema walikubaliana wiki mbili na sasa ni tisa, na uvimbe haungojei mitihani. Upasuaji Alhamisi ijayo. Mama akaniangalia mimi badala ya daktari. Nikauma ulimi, nikaandika tarehe. Nilipotoka nje nilitapika nyuma ya maegesho.

Jumamosi, 9 Novemba

Nilienda ukumbini nikabandua maelezo yangu. Shairi nimeliacha. Katibu akaniuliza kuna nini, nikamwambia halina kosa hata moja.

Jumapili, 10 Novemba

Mama anamalizia kazi za wateja. Magauni mawili, sketi ya mwalimu mkuu. Nimemsaidia kushona vifungo. Hofu yangu iko pale pale, tena imenona. Nikisikia cherehani ikinyamaza najua ameanguka, kumbe anabadilisha uzi.

Jumatano, 13 Novemba

Kalazwa. Wodi ina vitanda kumi na viwili, cha kwake kiko dirishani. Amevaa gauni la vifungo vya mbele. Akawaambia wagonjwa wenzake mimi ni mwalimu, nao wakanisimulia magonjwa yao yote kana kwamba nitawapa maksi. Nilisikiliza. Mmoja alinionesha jeraha lake na sikuzimia.

Alhamisi, 14 Novemba

Saa mbili asubuhi walikuja na kitanda cha magurudumu. Nilitembea naye hadi kwenye mlango ambao hauruhusiwi. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu jana, kuhusu imani na madaktari na mambo ya kushukuru. Nikafungua mdomo.

"Leo usinichambue," Mama akasema. "Nishike mkono tu."

Nikaushika mpaka wakauchukua.

Tulikaa kwenye benchi, mimi na Mama Mdogo, kwa muda wa saa nne na dakika kumi. Hatukuzungumza juu ya kufichwa kwangu. Alinikatia chungwa. Mvua ilianza, ikaacha, ikaanza. Nilisoma tangazo la kifua kikuu ukutani mara thelathini hivi. Kila mlango ulipofunguliwa nilimzika Mama, nikamfufua, nikamzika tena. Naandika ukweli, sikuwa jasiri hata kidogo. Nilikaa tu, sikuondoka.

Wamesema ametoka salama, bado amelala. Mengine kesho.

Ijumaa, 15 Novemba

Daktari aliniita koridoni saa tatu. Korido hii hii niliyozimia Baba alipolazwa, hata rangi hawajabadilisha. Akanieleza, nikaomba arudie, nikaandika kiganjani. Kisha akauliza, "Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Mama Mdogo akasema haraka, mwachie mimi, wewe kanywe maji. Alisema kwa huruma. Nilitamani sana kwenda kunywa maji. Nikasema nitamwambia mimi.

Mama alikuwa macho, midomo imekauka, bandeji imezunguka kifua chote. Upande wa kushoto shuka limelala chini kabisa. Alinitazama usoni, kama anavyotazama nguo ambayo mteja ameirudisha.

"Wamesema nini?"

Nikaanza vibaya. Nikasema hali si mbaya sana. Akageuza uso dirishani. Nikavuta kiti, mikono ilikuwa inatetemeka nikaiweka juu ya shuka aione, kisha nikaanza upya.

"Mama, wameliondoa titi lote. Ugonjwa ulikuwa umefika kwapani, wametoa na huko. Mwezi ujao unaanza dawa za dripu, miezi sita, na nywele zitakutoka. Daktari hana hakika kama utapona. Amesema ungekuja mapema ingekuwa rahisi zaidi, lakini nafasi ipo. Mimi naogopa sana. Nitakuwa nakuleta."

Sauti ilikatika mara mbili, lakini nilifika mwisho. Sikuzimia. Mama aliendelea kunitazama, akingoja nianguke, nami nilikuwa bado nimekaa. Kisha kidevu chake kikaanza kucheza, kitu ambacho sijawahi kukiona, hata siku ya Baba.

"Sogea basi, mwanangu," akasema. "Na mimi nilie."

Nikasogea.